Mama Mmoja, Viima Viwili

Ipo nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, na wala si kwa woga. Jina lenyewe lilipelekwa Idara ya Sentensi Sahihi likakaguliwe herufi kubwa, huu ni mwaka wa sita, halijarudi. Wenyewe wanaiita "kwetu," na kazi zinaendelea.

Katika nchi hiyo watu husema Kiswahili nyumbani, sokoni, msibani na hata wakiota. Serikali, lakini, huandikiwa Kiingereza. Ukimuuliza afisa yeyote sababu, atakueleza kisa cha matrekta, tena kwa uchungu, utadhani yeye ndiye aliyekuwa akiyaendesha.

Kisa chenyewe ni hiki. Waziri wa Kilimo alitaka kuazima matrekta kutoka nchi tajiri ya ng'ambo. Akajifungia ofisini na kamusi. Sasa, sisi tuna neno moja tu, kuazima: anayetoa anaazima, anayepokea anaazima, na sijasikia majirani waliopigana kwa ajili hiyo. Waingereza wana mawili, "lend" la anayetoa na "borrow" la anayepokea. Waziri akayapima kwa macho, akachagua la pili kwa kuwa lilikuwa refu zaidi na lilionekana kuwa na heshima. Barua ikaenda: "Kindly borrow our country tractors." Yeye alikusudia kusema, tafadhali iazimeni nchi yetu matrekta. Wale wa ng'ambo wakaelewa wanaombwa waje wayaazime matrekta ya nchi yetu. Wakaona si vizuri kukataa. Wakaleta meli, wakayapakia yote manne, kisha wakatuma barua ya shukrani ambayo mpaka leo imetundikwa ukumbini Bungeni. Ina sentensi nzuri sana.

Baada ya hapo Kiongozi Fasaha, maana hicho ndicho cheo cha mkuu wa nchi hiyo, alilihutubia taifa. Alisema amefanya uchunguzi wa kina na kugundua kwamba umaskini wa wananchi hautokani na ukame, wala barabara, wala mawaziri. Unatokana na makosa ya sentensi. Watu walipiga makofi, maana kila mmoja alijijua ana sentensi mbovu mahali fulani. Idara ikajengewa ghorofa tisa, na sheria ikatungwa yenye vifungu viwili. Cha kwanza: barua ya mwananchi haitasomwa maana yake kabla haijawa sahihi. Cha pili: Kiongozi Fasaha hakosei Kiingereza, ikitokea aliyoyasema yametofautiana na mambo yalivyo, mambo ndiyo yatakayorekebishwa.

Sheria fupi na wazi. Mimi binafsi naisifu.

*

Bi. Mwatumu Kirobo alifanya kazi ghorofa ya nne ya Idara hiyo. Alikuwa amefundisha Kiingereza shule za msingi kwa miaka ishirini na miwili kabla Idara haijamchukua, na hakuna kosa lililompita salama. Kalamu yake nyekundu aliivaa shingoni kwa uzi kama filimbi ya refa. Akipita karibu na bango lenye kosa, shingo ilimgeuka yenyewe.

Kazi iligawanywa kwa madawati. Dawati la Vipande lilishughulikia sentensi zilizoanza zisimalize. Dawati la Mikato lilikamata mikato iliyofanya kazi ya nukta bila kupandishwa cheo. Dawati la Upatanisho lilihakikisha kitenzi kinakitii kiima chake, umoja kwa umoja na wingi kwa wingi, kwa sababu kitenzi kikizoea ukaidi ndani ya sentensi, kesho kitaingia barabarani na mabango. Na kulikuwa na Dawati la Nukta, lililopata umaarufu siku ilipoletwa barua ya mkulima mmoja yenye kurasa nne na sentensi moja. Mkulima alikuwa akieleza jinsi nyati walivyoingia shambani kwake, na kwa kuwa nyati hawakusimama, naye hakusimama. Alipelekwa mahakama ya trafiki kwa kosa la kupita nukta hamsini na tatu bila kusimama.

Mwatumu aliifanya kazi yake kwa moyo mmoja. Wakati fulani ilimjia barua kutoka kijiji cha mbali huko: "Because our well is dry." Akaona mara moja kwamba ni kipande. Kuna "because," yaani kwa sababu, lakini hakuna kilichotokana na sababu hiyo. Akauliza pembeni kwa wino mwekundu na kwa adabu, kwa sababu kisima chenu kimekauka, imekuwaje? Akairudisha. Baada ya miezi miwili wakajibu: "Because our well is dry, please." Akawapongeza kwa mkato, ila akawaeleza kwamba neno moja la kuomba haliwezi kuwa kishazi. Barua ya tatu ilisema: "Our well is dry, the goats has died, we are following." Yaani kisima kimekauka, mbuzi wamekufa, nasi tunafuata. Palikuwa na mikato miwili isiyo na cheo na kitenzi kimoja kisichowatii mbuzi. Akavirekebisha vyote, akairudisha, na moyoni alifurahi kuona wanavyopiga hatua. Barua ya nne haikuja. Idara iliandika katika ripoti ya mwaka kwamba tatizo la kisima limekwisha.

*

Kwa bidii hiyo Mwatumu alichaguliwa kuwa Mrekebishaji Bora, akaitwa uwanjani Siku ya Sentensi kupokea nishani. Mumewe Kombo, fundi cherehani, alimshonea gauni la zambarau lenye mikono mipana. Binti yao wa pekee, Zawena, alikaa katikati ya umati akipunga kitambaa mpaka akaambiwa anawaziba watu.

Kiongozi Fasaha alimbandika nishani kwa mkono wake mwenyewe, kisha akakamata maikrofoni, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye milima ya jirani: "This mother he is the best teacher in our country."

Hapa nitakwenda taratibu. Alikusudia kusema, mama huyu ndiye mwalimu bora nchini mwetu. Katika Kiswahili mwanamke ni yeye na mwanamume ni yeye; Mungu aliwatofautisha kwa mambo mengine, akaona yanatosha. Kiingereza kinataka "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke, na ulimi wetu ukifika hapo huokota lililo karibu. Tena kwetu kitenzi hakitoki nyumbani bila kiambishi cha mtendaji. Mama anafundisha: ile "a" haiepukiki hata ukiwa umekwisha kusema ni mama. Basi mtu akivuka kwenda Kiingereza huibeba pamoja na mizigo yake mingine, akasema mama "he" anafundisha. Ni makosa mawili kwa pamoja, na katika uwanja ule hapakuwa na mtu ambaye hajawahi kuyafanya.

Uwanja ulilipuka kwa makofi. Mwatumu peke yake ndiye aliyesikia. Mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye kalamu, akauwahi kwa mkono wa kushoto, na picha iliyotoka magazetini ilimwonyesha amejikumbatia kwa furaha.

*

Jumatatu mlinzi wa mlangoni alimpigia saluti, akasema, "Karibu, mzee." Mwatumu akadhani ni masihara. Hakuwa amekaa hata dakika tano akaitwa na Mkurugenzi wa Idara, Bwana Fumbuka Lwanzali, mtu mnene, mpole, aliyezungumza polepole ili akipata kosa aliwahi kabla halijatoka.

"Hongera sana, Bwana Mwatumu," alisema.

"Bwana?"

"Kifungu cha pili. Kiongozi Fasaha amesema 'he.' Masijala ya Watu wamefanya kazi Jumapili nzima kwa ajili yako, na chakula hawakula. Jalada lako limerekebishwa tangu kuzaliwa."

"Mkurugenzi, mimi nimezaa."

"Hilo nalo limezingatiwa. Imeandikwa kwamba ulikuwepo."

Mwatumu alitaka kusema kwamba "he" ilikuwa kosa, lakini kusema kwamba Kiongozi Fasaha amekosea ni kosa lenyewe, na adhabu yake ni kufutwa. Sheria haikueleza kufutwa vipi, na hakuna aliyewahi kuuliza mara mbili.

Kombo naye alipata barua yake siku hiyo hiyo. Ilimjulisha kwamba ndoa yake imefutwa kwa kukosa upatanisho, na ilimshukuru kwa miaka ishirini na moja ya ushirikiano mwema. Aliisoma akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja, akamtazama mkewe.

"Haya, mume mwenzangu," alisema. "Leo anapika nani?"

"Pika wewe. Mimi nimetoka kazini, nimechoka, niletee maji."

Walicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini. Mwatumu alimpenda sana Kombo siku ile, kuliko hata siku ya harusi yao. Na kwa kweli angeweza kuishi hivyo hivyo. Nchi ile ilijaa watu wenye vyeti visivyowaelewa. Ghorofa ya pili ya Idara alikuwapo mzee mmoja ambaye, kwa mkato uliowekwa katikati ya jina lake, alikuwa ni mapacha, na alipiga kura mara mbili kila uchaguzi bila malalamiko.

Lakini Jumatano Zawena alirudi nyumbani na fomu.

*

Fomu ilikuwa ya Chuo cha Wauguzi. Zawena alikuwa ameiomba nafasi hiyo mara mbili akakosa, na mwaka huu jina lake lilitoka katika watu arobaini. Tangu ana miaka tisa alikuwa akiwafunga paka bendeji. Kazi nyingine hakuitaka. Fomu ilihitaji jina la baba na jina la mama, yathibitishwe na Masijala ya Watu Ijumaa kabla ya saa tisa na nusu alasiri, irudishwe chuoni jioni hiyo hiyo. Asiyethibitishwa, nafasi yake anapewa mwingine.

Wakaenda wote wawili, mama na binti. Dirishani alikaa Bi. Ghanima, karani ambaye hakuwa mbaya wala mwema, alikuwa dirishani tu. Alifungua daftari, akateremsha kidole.

"Huyu binti hana mama," alisema. "Ana baba wawili."

"Mama yake ni mimi," alisema Mwatumu.

"Wewe ni baba wa pili. Nakuona hapa. Mwatumu Kirobo, mwanamume, mwenye nishani. Hongera, mzee."

"Dada yangu, nitazame."

Bi. Ghanima alimtazama. Aliliona gauni, akaziona na hereni. "Mimi sikatai macho yangu," alisema, "ila macho yangu hayana muhuri. Fomu inataka mama aliye hai, au cheti cha kifo cha mama. Leteni kimojawapo. Bila hivyo siwezi."

"Yaani nife?"

"Mzee, wewe hufi. Anayekufa ni mama."

"Na anatakiwa afe lini?"

"Kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu. Lakini ningekushauri Alhamisi, maana Ijumaa watu wanakuwa wengi."

Nyumbani, Kombo alisema kwa sauti ndogo kwamba cheti ni karatasi tu. Anamjua mtu anayeweza kukipata. Mtoto asome, mengine baadaye. Mwatumu akakubali upesi; kwa Zawena angekubali kufa hata mara tatu kwa maandishi. Akachukua fomu, akamsukumia binti yake kalamu, akamwonyesha pa kuandika neno marehemu.

Zawena aliweka mikono nyuma.

"Siandiki."

"Mwanangu, ni neno tu."

"Mama, hata wewe? Siku zote unasema neno si neno tu. Nikiandika umekufa, halafu kesho ukaugua, nitajiangaliaje? Siandiki. Bora nisisome." Akaanza kulia, na Mwatumu naye akalia, na Kombo akaenda kukanyaga cherehani kwa nguvu ingawa hapakuwa na kitambaa.

Mwatumu alipoosha vyombo vya chakula cha mchana alikuwa bado akiisema ile sentensi ya uwanjani kimoyomoyo. This mother he is. This mother he is. Akasimama na sahani mkononi. Siku zote hizi alikuwa akililaani lile "he" kwa sababu halikuwa "she." Hakuwa amejiuliza limefuata nini pale. Sentensi ilikuwa na viima viwili vinagombea kiti kimoja! Ukisema "this mother," mtendaji amekwisha kukaa. "He" ni mgeni aliyeingia bila kualikwa. Mtoe, na sentensi inabaki "This mother is the best teacher in our country." Hakuna anayesema Kiongozi Fasaha amekosea jinsia ya mtu. Kuna neno moja limezidi tu, kama mchele unavyozidi kwenye kipimo. Alifurahi hata akaipangusa sahani ile ile mara nne.

*

Alhamisi asubuhi alilieleza jambo hilo mbele ya Mkurugenzi. Kijasho chembamba kilimtoka Lwanzali kwenye paji la uso.

"Husemi kwamba amekosea?"

"Sithubutu. Nasema amezidisha."

"Kuzidisha ni ukarimu," alisema Lwanzali, akaanza kupumua. "Kiongozi Fasaha ni mkarimu wa maneno. Hilo linaweza kusemwa."

Kamati ya Viima ikaitishwa. Wajumbe saba walikaa saa nne na chupa mbili za chai. Walikubaliana kwamba Kiingereza hakitaki viima viwili, na kwamba kimoja kitaondoka kwa heshima zote. Ikabaki kuamua ni kipi. Mjumbe mmoja alisema "he" ni fupi, kwa hiyo kuliondoa kutaleta hasara ndogo. Mwingine akamuuliza kama anajua hilo "he" limetoka kinywani mwa nani, na yule wa kwanza akasema hapana, alikuwa anasikia kizunguzungu tu. Hatimaye wakasema kiima kilichotangulia kimekaa muda mrefu zaidi, kipumzike. Ili uamuzi usionekane wa mtu mmoja, wakautoa kwa waraka uliokwenda ofisi zote siku hiyo hiyo: sentensi ikiwa na viima viwili, cha mbele kifutwe.

Lwanzali alimwita Mwatumu, akamwekea karatasi mezani kwa mikono miwili. Ilikuwa imepigwa chapa safi: "He is the best teacher in our country."

"Tia saini hapa kwamba ni sahihi," alisema. "Inahitaji saini ya Mrekebishaji Bora. Kuanzia Jumatatu wewe ni Mkurugenzi Msaidizi. Na habari za binti yako nimezisikia. Cheti cha kifo cha mama yake tutakitoa hapa hapa ofisini, chenye Kiingereza kizuri, hata chuoni watashangaa."

Mwatumu aliisoma. Kiima kilikuwa kimoja. Kitenzi kilikitii. Herufi kubwa ilikaa mahali pake na nukta mahali pake. Aliitafutia kosa kwa jicho ambalo halijawahi kukosa, juu, chini, mwanzo, mwisho, na hakuliona. Sentensi kama hiyo alikuwa amezitilia saini maelfu. Zile mbovu alikuwa amezirudisha maelfu pia, na sasa, kwa mara ya kwanza, akajiuliza wale watu wa kisima waliposema wanafuata, walikuwa wakiwafuata mbuzi wapi. Alikuwa amesahihisha mikato yao.

Akachukua kalamu nyekundu, akapiga alama kubwa ya mkasi juu ya karatasi kutoka pembe hadi pembe.

Lwanzali aliruka kitini. "Umefanya nini? Kosa liko wapi?"

"Sentensi nzima."

"Kosa la aina gani? Kiima? Wakati? Nukta?"

"Si kweli. Hilo ndilo kosa lake, si kweli."

"Bwana Mwatumu," alisema Mkurugenzi kwa huruma ya mtu anayezungumza na mgonjwa, "uongo si kosa la sentensi. Sentensi ya uongo inaweza kuwa safi kabisa. Vinginevyo sisi tungekuwa tunaandika nini?"

Mwatumu alivua uzi wa kalamu shingoni, akauweka mezani, akaenda kukaa kwenye dawati lake angoje. Alijua amemwangusha binti yake, na hakuona njia nyingine.

*

Idara ile kwa miaka sita ilikuwa haijamaliza kukagua herufi moja kubwa, lakini habari ya mtu aliyepiga mkasi sentensi ya Kiongozi Fasaha ilifika Ikulu kabla wino haujakauka. Ijumaa saa sita mchana jalada lilirudi. Kiongozi Fasaha alikuwa ameghadhibika hata akakataa kumwita mwandishi wake. Alikamata kalamu mwenyewe, akaandika katikati ya ukurasa, akatia saini, na chini ya saini muhuri mkubwa wa dhahabu ukagongwa na mwingine mdogo ukagongwa juu yake.

Lwanzali aliusoma uamuzi akiwa amesimama, wafanyakazi wote wa ghorofa ya nne wakiwa wamesimama, na walinzi wawili wakiwa wamesimama karibu na Mwatumu zaidi kuliko ilivyolazimu. Alisoma polepole, kama kawaida yake.

"This man she is dismissed."

Yaani mwanamume huyu amefukuzwa kazi. Wote walikuwa warekebishaji waliofunzwa, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Mwatumu alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua.

"Mkurugenzi, samahani. Naomba urudie."

Lwanzali alirudia. Alipofika neno la tatu sauti yake ilipungua, halafu akajikaza, akamaliza.

"Naomba nakala," alisema Mwatumu. "Yenye mihuri."

Mkurugenzi aliitazama karatasi, kisha saa ya ukutani. Alikuwa na watoto na yeye. Akaitoa nakala, akaigonga muhuri wa Idara, kisha akaigonga tena mara ya pili bila sababu, akamkabidhi.

"Masijala wanafunga saa tisa na nusu," alisema, akageuka kuwafokea watu warudi kazini.

Mwatumu hakumbuki alivyofika nyumbani. Anakumbuka alimshika Zawena mkono akamtoa mlangoni akiwa na kandambili za rangi mbili tofauti, na Kombo akawafuata na fomu, na chaki yake ya kupimia bado iko sikioni.

Kwenye dirisha la Masijala palikuwa na foleni ndefu, kama walivyoonywa. Walipofikiwa zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja. Bi. Ghanima akapokea nakala. Aliiona saini, akanyanyuka kitini, akakaa tena.

"Hii ni kauli yake mwenyewe," alisema.

"Ni mwandiko wake mwenyewe," alisema Mwatumu. "Wa leo. Ile nyingine ilikuwa ya mdomo, tena ya wiki iliyopita."

"Ya leo inafuta ya zamani, hilo sina ubishi." Kidole cha Bi. Ghanima kilitambaa juu ya maneno. "Lakini hapa pana tatizo, mzee. Pana 'man,' mwanamume. Halafu pana 'she,' mwanamke. Mtu mmoja, viima viwili. Sasa nikuandike nini?"

Zawena alimbana mama yake mkono mpaka ukauma.

"Waraka wa jana unasemaje?" aliuliza Mwatumu.

Bi. Ghanima alifungua mtoto wa meza, akatoa waraka, akausoma wote, mpaka tarehe. Akauweka. Akachukua rula, akaiweka juu ya maneno mawili ya mwanzo, akayapitishia mstari mmoja ulionyooka. Kisha akaisoma iliyobaki kwa sauti, mtu wa utaratibu kama alivyo, ili ahakikishe inasimama.

"She is dismissed."

"Mwanamke huyu amefukuzwa kazi," alinong'ona Kombo, na uso wake wote ulikuwa unacheka.

"Nzuri," alisema Bi. Ghanima. "Fupi, na haina kosa." Akafungua daftari kubwa, akafuta, akaandika. Akavuta fomu. Jina la mama: Mwatumu Kirobo. Hali: hai. Kazi: hana. Akagonga muhuri, akaipuliza, akaipitisha dirishani, na Zawena akaipokea kwa mikono yote miwili, akaibana kifuani, akakimbia nayo kuelekea chuoni na kandambili zake za rangi mbili, bila hata kuaga.

Mwatumu alibaki pale pale. Alikuwa hana kazi wala nishani. Mlinzi alikuwa ameichukua mlangoni pamoja na ufunguo wa dawati. Watu wa nyuma walianza kusukuma.

"Haya, mama," alisema Bi. Ghanima, macho yakiwa yamekwisha kurudi kwenye daftari. "Pisha wenzio."

"Umesemaje?"

"Nimesema upishe wenzio, mama."

Mwatumu akajishika kwenye dirisha, akalia kwa sauti mbele ya foleni nzima, na hakupisha mtu.